Kidole Gumba

Meza waliyonipa ni ya kantini, mguu mmoja mfupi,
nimeuwekea kipande cha tofali.
Juu yake daftari, kalamu mbili, kengele ya shule,
na saa ya mkononi ya marehemu Mwalimu Mshiu,
ile ya kupimia mbio,
yenye kitufe kinachogoma kukiwa na baridi.

Na Julai hii Moshi ina baridi.
Wingu limeketi juu ya Pasua tangu asubuhi
kama mgeni asiyejua kuaga.

Coaster ya Sekei iliingia saa nane na nusu.
Tuliwasikia kabla hatujawaona:
nadhani walianza kupiga bodi la gari tangu Boma Ng'ombe,
walipofika getini sauti zimeshakwaruza.
"Wala mtori!"
"Wachuga, rudini mkauze mitumba!"
Nikajikuta nami nimejibu,
mimi ofisa wa mchezo, mama wa watoto watatu.

Miaka ishirini na saba tunagombea kikombe chenye sikio moja.
La pili lilivunjikia Sekei.
Wao wanasema lilivunjikia huku.

Robo ya kwanza sina la kusema, walitupiga.
Nanyaro wao anadunda mpira chini chini
kama anayembembeleza kuku aingie bandani,
kisha ghafla yuko chini ya goli, peke yake,
na mabeki wetu wanaulizana kwa macho.

Ya pili akaamka Lyatuu.
Elirehema Lyatuu, mwaka wa pili, Hisabati,
viatu vya kuazima, gazeti limesokotwa vidoleni.
Alitupa kutoka mbali, pale sakafu ilipopasuka,
ukaingia bila kugusa chuma.
Akatupa tena.
Mpishi wa bweni aliacha sufuria jikoni, akaja na mwiko.

Ubao wetu ni migongo ya kalenda kuukuu.
Sita zimebaki mbili tu,
kwa hiyo ilipofika sitini na sita kwa sitini na sita
mtoto wa ubao aligeuza tisa mbili kichwa chini,
watu wakacheka,
kicheko kifupi, kama cha msibani.

Mtupo huru wa Nanyaro: mmoja ndani, mmoja nje.
Sitini na saba.
Sekunde tisa.

Lyatuu anapokea. Anamzunguka wa kwanza.
Wa pili anamkanyaga kiatu, kiatu kinachezacheza,
hasimami.
Mimi sipaswi kumwangalia.
Kazi yangu ni mshale mwembamba mwekundu
na kidole gumba juu ya kitufe.
Niliutazama mshale.
Niliuona ukipita alama,
nikainua jicho: mpira bado uko kiganjani mwake.
Kengele ikalia ukiwa hewani.
Ukaingia.

Sijui nieleze vipi kelele ile.
Mwiko ulirushwa. Mtu alinibusu utosini.
Refa Mbwambo alipita katikati yao polepole,
akainama mezani, jasho likadondokea daftari.
"Muda?"

Ningeweza kusema kengele ndiyo sheria.
Ningeweza kusema kitufe kimegoma, baridi hii,
na Mwalimu Mshiu hayupo wa kunikana.
Nilisoma hapa. Nilicheza hapa, namba saba,
na kile kikombe sijawahi kukishika.

"Ulikuwa umekwisha," nikasema.

Kwanza Sekei hawakuamini. Kisha wakaamini sana.
Aliyenibusu akanitazama kama niliyemwibia.
Muuza ndizi akakunja gunia lake bila salamu,
na jirani yangu yule, tunachota maji bomba moja.

Jioni, kiwanja kitupu, nakusanya kalenda.
Lyatuu akaja, akaketi kwenye tofali langu,
akavua viatu, akachomoa gazeti,
akalinyoosha gotini, akasoma kidogo.
"Ulizidi kiasi gani, mama?"

Nikamwonyesha ukucha wa gumba.
Akaukagua. Akarudisha gazeti kiatuni,
akavifunga vyote viwili kamba kwa kamba
avirudishe kwa mwenyewe.